Mdudu Aliyepewa Jina la Lori

Wakulima wa Tanzania hawakusubiri wataalamu wampe jina. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele alipoanza kugeuza mahindi yao kuwa vumbi, wakamwita Scania. Kuna wanaosema ni kwa sababu alikuja na malori yaliyoleta mahindi kutoka mbali. Wengine wanasema ni kwa sababu ya nguvu zake: anapita, anasaga, anaacha vumbi nyuma. Mimi nayapenda maelezo yote mawili, maana jina zuri la utani lina nafasi ya sababu zaidi ya moja. Wakenya, miaka mingi baadaye, walimwita Osama. Kiswahili chenyewe kilikuwa na neno la siku nyingi kwa wadudu wanaotoboa nafaka na mbao, dumuzi, na ndilo utakalolikuta kwenye vipeperushi vya maafisa ugani. Jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus, na sina haja ya kulirudia.

Ninaandika juu ya dumuzi kwa sababu kwetu ni Tabora, na Tabora ndiko alikotambuliwa kwanza katika bara zima la Afrika. Taarifa za kuwapo kwake zilichapishwa mwaka 1981, lakini wakulima wa mkoa walikuwa wamekwisha kumjua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kutoka hapo alifika Taveta, Kenya, kufikia mwaka 1983, na Burundi mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1984 akaonekana Togo, upande wa pili wa bara, kwa njia nyingine kabisa. Leo yuko katika nchi zaidi ya 15 za Afrika. Kwa hiyo ukikuta gunia la mahindi limegeuka unga huko Malawi au Zambia, kuna uwezekano mkubwa kwamba ukoo wa mdudu aliyefanya kazi hiyo ulipita kwetu.

Hilo halinishangazi hata kidogo. Tabora imekuwa njia panda kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa mji.

Burton na Speke walipofika mwaka 1857 pakiitwa Kazeh, walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kutulia, wana nyumba, wana mashamba. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikaingia Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: moja kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, nyingine kwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi ndio waliokuwa miguu ya njia hiyo. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 30 kichwani au begani, akatembea miezi mitatu au zaidi kufika pwani, akarudi. Pembe ziliteremka, nguo na shanga na bunduki zikapanda, na watu walioshikwa utumwani wakateremshwa pia. Mji ule hadi leo tunauita Mboka Manyema kwa utani wa mapenzi, jina lililobaki kwa sababu ya watu waliofika na misafara kutoka ng'ambo ya Tanganyika wakakaa. Reli ilipofika mwaka 1912 na kusonga hadi Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa mantiki ileile.

Sasa fikiria chakula cha njia hiyo. Msafara wa watu mia tano unakula. Mahindi, muhogo, viazi vitamu: vyote asili yake ni Amerika, na vyote vilifika kwetu kwa mikono ya watu, kituo baada ya kituo. Neno lenyewe "mahindi" linatuelekeza Uhindini, ingawa mmea ulianzia Mexico. Tumbaku, zao lililojenga nyumba za bati Urambo na Sikonge, nayo ni ya Amerika. Tulipokea mimea ile karne kadhaa zilizopita, tukaifanya yetu kiasi kwamba ukimwambia bibi wa Kinyamwezi kwamba ugali wa mahindi ni mgeni atakucheka. Lakini tuliipokea bila wadudu wake. Kwa karne zote hizo, mahindi ya Afrika yaliishi kama mtu aliyehama na kuwaacha nyuma wadeni wake.

Mdeni mmoja alifika mapema kwa njia ya upande wa pili. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil, ilifika Ambriz, pwani ya Angola, ikiwa na funza. Mdudu yule anayeingia kwenye vidole vya miguu hakuwa anajulikana kwetu kabla ya hapo. Mwaka huohuo Livingstone alikuwa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Kufikia mwisho wa karne, funza alikuwa amevuka bara zima na kufika Bahari ya Hindi. Alisafiri na misafara, ndani ya miguu ya watu waliokuwa wakitembea peku.

Dumuzi ni ndugu wa hadithi hiyo, ila yeye alisubiri karne nyingine. Mtaalamu wa wadudu wa Marekani, George Horn, alimweleza kwa mara ya kwanza kisayansi mwaka 1878. Mwaka huo Mirambo alikuwa hai, akitawala Urambo na kuwasumbua wafanyabiashara wa Unyanyembe kwa ushuru na vita. Miaka mia moja baadaye, mdudu yule aliyekuwa akiishi Mexico na Amerika ya Kati akawa jirani yetu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba alikuja ndani ya mahindi yaliyoagizwa au kutolewa msaada kutoka upande huo wa dunia. Hakuna aliyemleta kwa nia mbaya. Watu walikuwa na njaa, mahindi yakaletwa, na ndani ya punje kulikuwa na abiria.

Hapo ndipo linapokuja swali la nyumba.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, nilikwenda Urambo kumsalimia shangazi yangu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za Dar es Salaam, alinichukua hadi chumba cha pili, ambako magunia yamepangwa kando ya kitanda cha wajukuu. Akaniambia nitege sikio kwenye gunia la mwisho. Nikainama. Ndani kulikuwa na mlio mdogo mkavu, kama mtu anayetafuna chenga za ugali uliokauka chumba cha tatu.

"Huyo ni nani?" akaniuliza, kama mwalimu.

"Dumuzi, shangazi."

"Umejuaje kama si fukusi?"

Sikuwa na jibu la haraka, akanifundisha. Alizamisha mkono ndani ya gunia, akatoa punje, akazimwaga juu ya ungo. Unga mweupe ukamwagika pamoja nazo, unga mwingi kuliko nilivyotegemea. "Fukusi anakula," akasema. "Huyu anasaga." Kisha akaokota wadudu wawili watatu kwa ncha ya kidole.

Tofauti zenyewe mtu yeyote anaweza kuziona mchana penye mwanga mzuri. Fukusi wa mahindi ana mdomo mrefu mbele, kama mkonga wa tembo uliopunguzwa. Dumuzi hana mkonga. Ana umbo la kipande cha risasi: mviringo, mwembamba, kahawia iliyokolea au karibu nyeusi, urefu wa milimita 3 hadi 4.5. Ukimtazama kutoka juu hutaona kichwa chake, kwa sababu kimeinama chini ya kifua kana kwamba amevaa kofia ya pikipiki. Na nyuma mwili wake umekatika ghafla, kama kipande cha muwa kilichopigwa panga moja. Fukusi huacha tundu safi kwenye punje. Dumuzi huchimba mahandaki kutoka punje moja hadi nyingine, na huacha vumbi kila anapopita.

Kuna dalili nyingine ambayo watu huisahau: mbao. Ukoo wa dumuzi ni ukoo wa watoboa miti. Anaweza kuchimba nguzo za ghala, fito za dari, mpini wa jembe lililosimamishwa kona, hata kichanja ulichoweka magunia juu yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuuza mahindi yake yote, akafagia chumba, akadhani amemaliza, kumbe wageni wake wamehamia kwenye boriti wanasubiri mavuno yajayo. Shangazi aligonga fito moja ya dari yake kwa kijiko, vumbi likadondoka. Hakusema kitu. Alinitazama tu.

Kwa nini alitushinda upesi kiasi kile? Jibu liko kwenye namna tulivyohifadhi. Nyumba nyingi za Unyamwezi, na za sehemu nyingi za Tanzania, zilihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi yake. Mengine yalifungwa mafungu na kuning'inizwa, mengine yalirundikwa kwenye kihenge, na mengine yalipangwa darini, juu ya jiko, ambako moshi wa kila siku uliyakausha na kuwafukuza wadudu wa kizamani. Kwa fukusi, utaratibu huo ulitosha. Mtu alipoteza kiasi kidogo, akakubali kama anavyokubali ndege shambani.

Lakini gunzi ni nyumba nzuri sana ya dumuzi. Punje zimeshikana, hazitikisiki, na yeye anahitaji kitu kilichotulia ili achimbe. Punje zilizopukuchuliwa husogea, humnyima mahali pa kukita miguu. Utafiti uliofanywa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta mahindi ya magunzi yakipoteza hadi theluthi moja ya uzito wake ndani ya miezi mitatu hadi sita. Kwa makopa hali ilikuwa mbaya zaidi: muhogo uliokaushwa uliweza kupoteza zaidi ya nusu ndani ya miezi minne. Kwa mkoa ambao watu wake wanategemea makopa mvua zinapochelewa, hiyo ni habari nzito. Muhogo ndiyo akiba ya akiba.

Kwenye joto la kwetu na unyevu wa kutosha, yai la dumuzi huwa mdudu mzima kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Dume akipata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wenzake, madume na majike. Ukiona wawili mwezi wa Julai, basi hesabu mwenyewe hadi Desemba.

Wataalamu wa serikali na wenzao kutoka Uingereza walitoa ushauri miaka ile ya 1980, na ushauri huo kwa kweli ulibadilisha nyumba zetu. Pukuchua mahindi mapema. Changanya na dawa ya vumbi. Weka kwenye gunia au kihenge kilichosiribwa vizuri. Dawa yenyewe ilibidi iwe ya mchanganyiko, na sababu yake inafaa kueleweka. Kiuatilifu cha aina ya pirimifosi-methili kinaua fukusi vizuri lakini dumuzi anakivumilia. Permetrini inamuua dumuzi lakini fukusi anaivumilia. Kwa kuwa wadudu hao wawili huishi gunia moja, dawa kama Actellic Super ilitengenezwa na vyote viwili, na kipimo chake ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100. Mtu anayekuuzia vumbi la kiungo kimoja anakuuzia nusu ya dawa.

Ushauri ulikuwa sahihi. Uliokoa chakula cha watu wengi, na sitaki mtu asome makala hii akadhani nautamani ule wakati wa magunzi darini. Ila nataka kusema jambo ambalo vipeperushi havikulisema, na ambalo shangazi alilisema huku akichambua unga kwenye ungo wake.

"Mahindi yakiwa kwenye kihenge, mwanangu, yalikuwa ya mama wa nyumba. Nani angepanda darini usiku akashusha magunzi mia mbili, akayapukuchua, akayauza, na mimi nimelala? Gunia halina shida hiyo. Gunia linanyanyuliwa."

Nimelifikiria sana neno hilo, gunia linanyanyuliwa. Mahindi ya magunzi yalikuwa chakula. Mahindi yaliyopukuchuliwa na kutiwa kwenye gunia ni chakula na pia ni fedha. Mwenye pikipiki anapita, anapima, analipa, anaondoka. Ada ya shule, deni la pembejeo za tumbaku, simu mpya, msiba, vyote sasa vinaweza kutoka kwenye gunia lile, na uamuzi mara nyingi haufanywi na yule anayepika. Shangazi alisema kwamba katika mwaka mmoja magunia yake matatu yaliondoka hivyo kabla ya Krismasi, na dumuzi hakugusa hata moja kati ya hayo matatu.

Halafu kuna suala la mahali. Kihenge kilikaa nje, uani. Gunia huogopewa wizi, kwa hiyo linaingizwa ndani, na katika nyumba yenye vyumba viwili, ndani maana yake ni chumbani. Watoto wanalala na mahindi. Na pale mahindi yalipo, sumu ipo.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, hasa kama una wazazi kijijini. Dawa ya vumbi iliyosajiliwa, ikitumiwa kwa kipimo chake, imekusudiwa kuchanganywa na nafaka ya chakula. Lakini madukani kuna vitu vingine. Kuna unga unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha gazeti, bila lebo, bila tarehe, na muuzaji anaapa kwamba ni ileile. Kuna dawa za pamba na tumbaku ambazo hazikukusudiwa kabisa kugusa chakula. Na kuna vidonge vya fosfini. Hivyo ndivyo vinavyonitisha zaidi. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ambayo huioni, na gesi hiyo hupita kwenye kiroba, kwenye nyufa za ukuta, chini ya mlango. Katika ghala kubwa lililozibwa, mikononi mwa mtu aliyefunzwa, inafanya kazi nzuri ya kuua wadudu. Katika chumba ambacho watoto wamelala, inaua watoto. Hakuna mahindi yenye thamani hiyo. Kama nyumba yenu ina magunia chumbani, vidonge hivyo visivuke kizingiti, basi.

Sasa nini kifanyike? Nimeandika habari za kilimo kwa miaka kadhaa na nimesikia majibu mengi. Yanayobaki baada ya kuchujwa ni machache, na karibu yote ni kazi za mwezi wa Juni na Julai, wakati ghala bado tupu na mtu bado ana nguvu.

Kwanza, ghala lisafishwe kabla ya mahindi mapya kuingia. Mabaki ya mwaka jana yasichanganywe na mavuno mapya hata kama ni debe moja. Debe hilo ndilo mbegu ya tatizo. Magunzi makavu na vumbi lililofagiwa vichomwe, visitupwe nyuma ya nyumba. Viroba vya zamani vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa. Fito na nguzo zilizotobolewa zitolewe na kuchomwa, maana humo ndimo anamojificha.

Pili, mahindi yasichelewe shambani. Dumuzi huruka, hasa jioni, na huanza kuingia mahindi yakiwa bado yamesimama. Kuyaacha shambani ili "yakauke vizuri" ni kumpa mwaliko.

Tatu, yakauke kweli. Mababu walibana punje kwa meno, na bado ni kipimo kizuri. Kuna kingine rahisi: chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje kiasi, tia chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Ikiteleza ikaanguka chini, yako tayari.

Nne, mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la kinga njaa. Ndani yake kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, nje kiroba cha kawaida. Kila tabaka hufungwa peke yake kwa nguvu. Punje na wadudu hutumia hewa iliyobaki, hewa safi inakwisha, na wadudu wanaacha kula, kisha wanakufa. Hakuna sumu. Dumuzi ana meno ya kutoboa hata plastiki, kwa hiyo mfuko ukaguliwe kabla ya kutumika tena, uwekwe mbali na ukuta na panya, na usifunguliwe kila wiki kuchota debe. Mfuko wa kula sasa uwe mmoja, mingine ibaki imefungwa. Bei yake ni kubwa kuliko kiroba, hilo ni kweli, na kwa nyumba yenye magunia kumi inauma. Lakini mfuko hutumika zaidi ya msimu mmoja ukitunzwa, na watoto wanaweza kulala kando yake.

Majivu na majani ya mwarobaini? Yanasaidia kiasi kwa fukusi, na sitamkatisha tamaa bibi wa mtu. Kwa dumuzi usiyategemee peke yake. Kuanika juani na kupepeta kunawaondoa wadudu wazima, lakini mayai na mabuu wamo ndani ya punje, wanasubiri urudishe mahindi ndani.

Kwa makopa, michembe na matobolwa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu vyakula hivyo ni vipande vikubwa vilivyotulia, kama gunzi. Hapa busara ni kukausha sana, kuhifadhi kwenye vyombo vinavyofungwa, kukagua kila baada ya wiki mbili, na kula vilivyoanza kutobolewa kabla havijawa vumbi. Muhogo una bahati moja ambayo mahindi hayana: unaweza kuubakiza ardhini ukauchimba unapohitaji.

Wataalamu walijaribu pia kumletea dumuzi adui yake wa nyumbani. Ni mdudu mwingine mdogo, mweusi, wa jamii ya mbawakawa, kutoka Amerika ya Kati, anayekula mayai na mabuu ya dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992, na baadaye Tanzania. Nilipoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka kidogo: mahindi ya Amerika, muhogo wa Amerika, mdudu wa Amerika, na sasa askari wa Amerika wa kumkamata. Askari yule amesaidia mahali fulani na mahali pengine hakusaidia sana. Hawezi kuokoa gunia ambalo tayari limejaa, kwa sababu dumuzi huzaliana upesi kuliko yeye anavyokula. Anafanya kazi zaidi huko nje, porini.

Porini, kwa sababu dumuzi hayuko tena kwenye mahindi tu. Anaishi kwenye matawi yaliyokufa, kwenye kuni. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora, ile inayotupa asali na mninga na mkaa, ni makazi yake pia. Kwa hiyo hakuna kampeni itakayomtoa. Ameshakuwa mwenyeji, kama muembe ulioota kando ya njia ya misafara, kama funza, kama mahindi yenyewe. Nyumba inaweza kumzuia kwa msimu mmoja, kisha kazi inaanza tena.

Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wale wanaosema tatizo la dumuzi ni "elimu kwa mkulima". Shangazi anajua. Anamtambua mdudu kwa mlio. Anajua mwezi wa kupukuchua na kipimo cha dawa, na anajua mfuko upi ni bandia kwa kuugusa. Asichokuwa nacho ni fedha za mifuko kumi mwezi wa Juni, wakati malipo ya tumbaku hayajaingia, na neno la mwisho juu ya gunia lipi linyanyuliwe. Mambo hayo mawili hayapo kwenye kipeperushi. Yako ndani ya ndoa, ndani ya ukoo, ndani ya bajeti ya watoto waliohamia mjini, yaani sisi.

Sisi ambao tunatuma fedha nyumbani tuna mazoea ya kutuma Januari na Februari, simu zinapoanza kusema hali si nzuri. Tunanunua mahindi kwa bei ya njaa, mara nyingi mahindi yaleyale yaliyouzwa Julai kwa bei ya mavuno. Mwaka huu mimi na ndugu zangu tumekubaliana kutuma mapema, mwezi wa Juni, na kutuma kwa simu ya shangazi moja kwa moja, si kwa mtu mwingine yeyote wa nyumba ile. Kumekuwa na maneno. Mjomba mmoja ameuliza kwenye kundi la familia kama siku hizi mahindi yana mwenyewe.

Shangazi alijibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde nane tu. Alisema ndiyo, yanaye, na kwamba mifuko minane imeshafungwa.